Elimu ya viungo ni somo la namna gani?

Elimu ya viungo ni somo la shule linalomfundisha mtoto kuutumia mwili wake kwa ustadi: kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka na kugeuka ghafla bila kuanguka, kwa hatua zilizopangwa na chini ya uangalizi wa mwalimu. Linatofautiana na mchezo wa mapumziko, ambao watoto huuanzisha na kuuvunja wapendavyo, na pia na timu ya shule, ambayo huwateua wachache wenye vipaji ili wakashindane. Somo ni la darasa zima, akiwemo yule mzito wa miguu. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ililitambua mwaka 1978 kuwa haki ya msingi ya kila mtu.

Wengi hudhani kudaka mpira ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Mtazame mtoto wa miaka sita anayerushiwa mpira kwa mara ya kwanza: hunyoosha mikono iliyokakamaa, hugeuza uso pembeni na kufumba macho, na mpira humgonga kifuani. Mwalimu anayeijua kazi yake humpa mpira mkubwa na laini zaidi, humsogelea, kisha humwelekeza aufuate kwa macho mpaka uingie viganjani, ndipo akunje viwiko na kuuvuta kifuani.

Michezo ya timu hujengwa juu ya stadi hizo. Katika netiboli, yenye wachezaji 7 kila upande, aliye na mpira haruhusiwi kukimbia nao na lazima autoe ndani ya sekunde 3. Kwa hiyo kazi kubwa huwaangukia wenzake, ambao hawana budi kuwatoroka wapinzani na kujitokeza mahali penye nafasi. Kanuni hiyo moja humfunza mtoto kumtegemea mwenzake kuliko nasaha nyingi za darasani.

Hata hivyo, kanuni za watu wazima hazipaswi kuwafunga watoto. Mpira wa kikapu wenyewe ulizaliwa katika somo hili: mwaka 1891, mjini Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, na kwa kuwa darasa lake lilikuwa na wanafunzi 18, kila timu ikapata wachezaji 9. Idadi ya 5 ilikuja baadaye. Basi mwalimu anayepunguza uwanja na kuchezesha soka wanne kwa wanne hajauharibu mchezo, kwani katika uwanja mkubwa wa 11 kwa 11 mtoto mnyonge aweza kumaliza kipindi kizima bila kuugusa mpira. Timu nazo, kwa maoni yangu, azipange mwalimu mwenyewe mapema. Kuwaachia manahodha wawili wachague mmoja mmoja ni kumwaibisha anayebaki wa mwisho mbele ya wenzake wote.

Upimaji wa somo hili hauhesabu magoli. Mwalimu huangalia kama yule aliyekuwa akifumba macho sasa anaudaka mpira, na kama, akishaudaka, anainua kichwa kumtafuta wa kumpasia.