Kusimamia Uendeshaji Otomatiki wa Seva Kutoka Mahali Pamoja

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilitakiwa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi akaiweka kwenye saba, na hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka fundi wa pili kuhakiki kazi hiyo. Soko lilipofunguliwa, seva ya nane, iliyobaki na programu ya zamani, ikaanza kumwaga oda za kununua na kuuza hisa mfululizo. Mafundi wakadhani kosa limo kwenye programu mpya, wakaiondoa katika zile saba, na hasara ikazidi kukua.

Zilikuwa seva nane tu. Benki au mamlaka ya mapato huwa na mamia, na katika idara nyingi za TEHAMA kila fundi huziendesha kwa hati za amri alizojiandikia mwenyewe, zilizomo kwenye kompyuta yake pamoja na nywila. Kazi huenda haraka, lakini siku fundi huyo akihama, hakuna anayejua kilichobadilishwa wala sababu yake. Kwa maoni yangu, hatari hii ni kubwa kuliko ya kufanya kazi kwa mkono, kwa kuwa kosa moja husambaa kwa kasi ileile ya kazi yenyewe.

Zana kama Ansible, iliyoanzishwa mwaka 2012, humtaka fundi aeleze hali anayotaka seva iwe nayo, kisha huifikia kila seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na kurekebisha kile tu kinachotofautiana na maelezo hayo. Mwishoni hutoa muhtasari wa kila seva: ipi ilikuwa sawa, ipi imebadilishwa, ipi imeshindikana, ipi haikufikika. Hata hivyo, seva isiyoandikwa kwenye orodha haitatajwa kabisa, ndiyo maana orodha ya seva lazima iwe moja kwa taasisi nzima na itunzwe kila siku. Juu ya Ansible huwekwa mfumo wa usimamizi kama AWX, ambao huhifadhi nywila kwa usimbaji (maandishi ya siri yasiyosomeka), humruhusu fundi kuendesha kazi aliyopewa bila kuiona nywila yenyewe, na huweka kumbukumbu ya nani aliendesha nini na saa ngapi.

Kituo kimoja cha usimamizi nacho kinahitaji breki. Tarehe 28 Februari 2017, mtumishi wa Amazon mwenye idhini, akifuata mwongozo rasmi, alikosea sehemu moja ya amri na kuondoa seva nyingi kuliko alivyokusudia. Huduma ya S3, ambayo Amazon huitumia kuwahifadhia wateja data, katika eneo la Virginia Kaskazini ikavurugika kwa saa kadhaa. Baadaye Amazon iliirekebisha zana hiyo ili iondoe seva polepole na ikatae kushuka chini ya kiwango cha lazima. Ansible nayo huruhusu kazi ianze na seva moja, iendelee kwa asilimia 10, kisha zilizobaki, na isimame yenyewe iwapo zinazoshindikana zitavuka kiwango kilichowekwa.