Ruzuku za miradi ya ajira na ujuzi: yanayosemwa na yaliyopo

Tangazo la ruzuku likitoka, maneno huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya asasi: wadogo hawapewi, fulani anajuana na ubalozi, tafuteni mtaalamu awaandikie. Asasi inayofundisha vijana ushonaji, umeme wa majumbani au upishi ikiyaamini hayo, inaacha kuomba au inaomba vibaya, na anayeumia ni kijana anayesubiri nafasi. Ninazozijadili hapa ni dhana ninazokutana nazo zaidi Tanzania Bara.

“USAID imefungwa, fedha zimekwisha.”

Pengo lipo, tena kubwa. Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikaacha kuendesha miradi. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Kuna wenzetu waliopoteza kazi, na kuna madarasa yaliyofungwa kozi ikiwa katikati.

Lakini fedha nyingi za USAID zilipitia kwanza kwenye mashirika makubwa, asasi ya wilayani ikipata kipande. Madirisha ya ruzuku yanayoifaa asasi ndogo bado yapo, na kila moja lina masharti yake. Ubalozi wa Japani hutoa ruzuku za miradi ya jamii. Fedha hizo hujenga karakana au bweni na kununua mashine, lakini hazilipi mishahara. Kanada ina mfuko wake wa miradi midogo ya wenyeji. Mfuko wa Australia unasimamiwa na ubalozi wake wa Nairobi, ila Tanzania imo. Hapa nyumbani kuna Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa 2002 kwa ajili ya kuzipa ruzuku asasi za kiraia. Kuna pia Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi, SDF, uliowekwa chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania kwa fedha za Benki ya Dunia, ukilenga sekta kama kilimo, ujenzi, utalii, nishati, usafirishaji na TEHAMA; ulizeni kwanza kama bado unapokea maombi. Asasi inayotafuta mshahara wa walimu ikapeleka ombi Japani haijanyimwa na mtu. Imegonga mlango usio wake.

“Mfadhili analipia mafunzo.”

Hii ndiyo dhana inayoangusha maandiko mengi ya kuomba ruzuku kuliko zote. Chukua sentensi unayoweza kuikuta karibu kila andiko: “Vijana 40 watafundishwa ushonaji kwa miezi mitatu na kupewa vyeti.” Msomaji wa maombi anaisoma na kubaki na maswali. Wakishafundishwa, nani anawahitaji? Mtaa una mafundi cherehani wangapi tayari? Wangapi wataacha njiani kwa kukosa nauli, au kwa sababu mama ana mtoto mchanga na hana wa kumwachia? Miezi sita baada ya cheti, wangapi watakuwa na kipato, na nyie mtajuaje?

Majibu ya maswali hayo ndiyo mradi wenyewe, na yanapaswa kuonekana mpaka kwenye bajeti. Weka nauli ya wanafunzi. Weka mlezi wa watoto darasani kama mnafundisha kina mama. Weka vifaa vya kuanzia, maana fundi aliyehitimu bila cherehani anarudi nyumbani kukaa. Weka vocha za simu na siku za kazi za mtu wa ufuatiliaji. Kipato cha kila kijana kiandikwe siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, hata kama ni sifuri, kwa sababu bila namba hiyo hamna cha kulinganisha nacho baadaye. Kwenye fomu ya usajili chukueni namba ya kijana na ya ndugu au jirani anayemfahamu vizuri. Vijana wanabadilisha laini kila mara. Asasi yenye namba moja tu itakuja kuwatafuta wahitimu wake isiwapate, kisha iandike ripoti ya kubahatisha.

Barua za waajiri nazo zina uzito tofauti. Barua ya hoteli inayosema “tunaunga mkono mradi huu” haisaidii sana. Inayosema watachukua wanagenzi wangapi, katika idara gani, chini ya msimamizi gani, inaweza kubeba andiko zima. Na kwa vijana ambao tayari ni mafundi wa mtaani, huenda wasihitaji kozi kabisa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi akapimwa kwa anachokijua na kupewa cheti. Mradi wa kuwafikisha kwenye upimaji huo ni wa bei nafuu kuliko darasa, na nashangaa ni asasi chache zinazouandikia.

“Kodi ya ofisi na mhasibu zifichwe, wafadhili hawazipendi.”

Wanazijua na wengi wana kiwango chake. Umoja wa Ulaya huruhusu gharama za jumla za uendeshaji hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Kinachowaudhi ni pango kulipwa kwa jina la “ukumbi wa mafunzo”. Mkaguzi wa hesabu akilikuta hilo, fedha inadaiwa irudishwe, na safari nyingine hamtapewa.

“Asilimia 10 ya halmashauri ni fedha ya asasi pia.”

Hapana. Tangu marekebisho ya sheria ya 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Wanaokopeshwa kwa kawaida ni vikundi. Asasi inaweza kuwasaidia wahitimu wake kuunda kikundi, kuandika katiba yao na kutunza daftari la hesabu, na hatua hiyo ikiingizwa kwenye andiko inamwonyesha mfadhili mtaji utatoka wapi akishaondoka.

“Mtaalamu akituandikia andiko, linapita. Alipwe asilimia ya ruzuku.”

Kwa wafadhili walio wengi, gharama iliyotokea kabla ya mkataba haikubaliki kwenye bajeti. Asilimia hiyo basi itatoka wapi, kama si kwenye fedha za vijana? Anayetaka kusaidiwa amlipe mwandishi ada inayojulikana, kwa fedha ya asasi yenyewe, na akae naye mezani mpaka mwisho.

“Tukisaini, makaratasi yamekwisha.”

Ndipo yanapoanza. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali (NGOs) za 2018 zinataka fedha inayozidi shilingi milioni 20 itangazwe kwa umma, chanzo chake na matumizi yake. Mkataba nao unapaswa kufikishwa Hazina na kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku hizo huenda zikaisha mwenyekiti akiwa bado safarini na nakala, hivyo andaeni barua za kuwasilisha kabla ya siku ya kusaini.