Ushuru wa bati na sanduku la shule

Januari, wiki ya kufungua shule, Kamukunji, soko la mafundi wa bati jijini Nairobi, hapapitiki. Wazazi wanabeba masanduku ya bati kichwani, nyundo hazinyamazi, na rangi bado mbichi inashika mikono ya watoto. Mimi ni mchumi wa viwanda, na nikitaka kujua sera imefika vipi kwa mwananchi, huja hapa kabla ya kufungua jedwali lolote.

Fundi mmoja alinipa vipande viwili vya bati nivipinde. Cha geji 28 kilibisha. Cha geji 30, ambacho ni chembamba zaidi, kilikunjika mara moja. "Bati likipanda, mzazi hakubali kuongeza pesa," akaniambia. "Kwa hivyo mimi napunguza unene." Ndiyo maana sanduku linabonyea kabla muhula haujaisha.

Wengi wetu tunaamini kwamba ushuru wa forodha ukiwa mkubwa, fundi wa hapa analindwa zaidi. Inategemea unatoza nini. Anachouza fundi hasa ni kazi anayoiongeza juu ya bati, na ushuru wa bati huila kazi hiyo. Mchumi Max Corden wa Australia alilifafanua jambo hili mwaka 1966, na hesabu yake inatosha nyuma ya risiti.

Tuseme sanduku kutoka nje lingefika Nairobi kwa shilingi 2,000, na bati lake ni la shilingi 1,200. Kazi ya fundi ni 800. Sanduku likitozwa ushuru wa asilimia 25, fundi wa hapa anaweza kuuza lake hadi 2,500. Bati lisipotozwa kitu, anabaki na 1,300. Likitozwa asilimia 35, linamgharimu 1,620, naye anabaki na 880, yaani asilimia 10 tu juu ya zile 800: ile asilimia 25 imekuwa 10 mkononi mwake. Na ushuru wa sanduku ukiwa asilimia 10 tu, anabaki na 580, pungufu ya zile 800 ambazo angepata kama pasingekuwa na ushuru wowote.

Namba hizo ni za kufundishia, ila 35 sikuitoa hewani. Tangu tarehe 1 Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una daraja la nne la asilimia 35, na bidhaa za chuma ni miongoni mwa zilizowekwa humo. Sababu yake naielewa. Viwanda vyetu vya mabati vimeajiri watu na vinabanwa na chuma cha bei ya chini kutoka nje. Lakini karatasi ya bati si mwisho wa safari. Pale Kamukunji ndipo kazi inapoanzia, na sekta ya jua kali, yaani kazi na biashara ndogo zisizo rasmi, ndiyo yenye zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ukiondoa kilimo kidogo.

Utaambiwa upo msamaha wa ushuru kwa malighafi. Upo kweli, lakini hutolewa kwa viwanda vilivyoidhinishwa na kutajwa kwa jina katika gazeti rasmi la Jumuiya. Fundi anayenunua karatasi mbili asubuhi kwenye hadiwea, futi nane kwa nne, akazibeba begani hadi kibandani, hana jina katika gazeti hilo. Hata kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye bei hawezi kuidai, kwa sababu hajasajiliwa. Kiwanda kikubwa kilichosajiliwa kinaidai. Hili linaniuma kuliko lile daraja la 35 lenyewe, maana anayelipa zaidi kwa bati lilelile ni yule mwenye mtaji mdogo.

Ninachopendekeza ni chama cha mafundi kiruhusiwe kuomba msamaha huo kwa niaba ya wanachama wake, kinunue kwa tani na kuwagawia kwa karatasi, huku daftari likikaguliwa. Na kabla ushuru wa chuma haujaguswa tena, wanaouandika wapige hesabu ya sanduku, ya jiko na ya toroli, bidhaa moja moja, waone fundi anabaki na shilingi ngapi.