CA-125 ikisoma kawaida haimaanishi huna endometriosisi

Karatasi ya majibu ya mdogo wangu iliandikwa CA-125: 22, na pembeni yake kiwango cha kawaida, chini ya 35. Daktari akaiangalia akasema uko sawa nenda nyumbani, na mtoto wa watu hapo amejikunja kwenye benchi kakumbatia chupa ya maji ya moto tumboni.

Sasa hii CA-125 ni protini. Inakaa kwenye utando unaozunguka tumbo kwa ndani, kwenye kizazi, hadi kwenye utando wa mapafu, na huo utando ukichokozwa na chochote kile protini inamwagika kwenye damu, ndo maabara wanaipima. Nasema chochote kile. Endometriosisi, yaani zile nyama zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, inaipandisha, ila faibroidi nazo zinaipandisha, mimba changa, maambukizi ya kizazi, TB ya tumbo, kansa ya ovari (huko ndo inatumika zaidi, kufuatilia wagonjwa), hata hedhi yenyewe tu, kwa hiyo ukipima ukiwa kwenye siku zako namba inaweza kukutisha bure.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili. Vidonda vya endometriosisi, yaani hizo nyama zilizoota nje, vikiwa vidogo vidogo protini inayofika kwenye damu ni kidogo mno, namba inabaki chini na maumivu yako palepale. Tafiti zilizojumlishwa pamoja 2016 zilionyesha ukiweka mstari wa kusema namba iko juu kwenye 30 unawakamata kama nusu tu ya wenye ugonjwa, wengine wote wanarudishwa nyumbani na neno "kawaida". Namba ikiwa juu na dalili unazo, hiyo ni sababu ya kuendelea kutafuta, ikiwa chini haifuti kitu. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya, ESHRE, wa 2022 umesema kabisa vipimo vya aina hii visitumike kutambua endometriosisi.

Kwa hiyo ukiambiwa damu iko sawa, usinyamaze, omba altrasaundi ya kupitia ukeni kwa mtu anayejua anachokitafuta, au MRI, na hata hizo zikitoka safi bado kuna laparoskopi, wanapitisha kamera kwenye tundu dogo tumboni.

Mdogo wangu kamera ndo ilimwona, miaka mitatu baadaye, vidoa vyeusi nyuma ya kizazi. Wiki hiyo CA-125 yake ilisoma 24.