Je, wajua kwa nini sakafu ya bahari ina milia ya sumaku, ilhali ya Ziwa Tanganyika haina?

Nahodha anayeng'oa nanga katika bandari ya Kigoma kuelekea Mpulungu hana shaka kwamba mshale wa dira yake unaonyesha kaskazini. Angesafiri miaka 800,000 iliyopita, mshale huohuo ungemwonyesha kusini. Ziwa lilikwishakuwapo zamani hizo, kwa kuwa umri wake ni wa mamilioni ya miaka. Kilichokuwa kinyume ni uga wa sumaku wa dunia, ambao hutokana na mtiririko wa chuma kilichoyeyuka katika kiini cha nje na hugeuka bila ratiba yoyote. Mara ya mwisho uligeuka yapata miaka 780,000 iliyopita.

Ushahidi umo ndani ya miamba. Katikati ya bahari kuu zimezama safu ndefu za milima, na kileleni mwake mabamba mawili ya ganda la dunia huachana. Magma yenye joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi hupanda katika ufa huo, ikakutana na maji baridi na kuganda kuwa basalti nyeusi. Ndani ya basalti mna chembe ndogo za madini ya chuma yaliyo jamii ya magnetiti. Magnetiti ikiwa na joto linalozidi nyuzi 580 haishiki usumaku wa kudumu, lakini ikipoa chini ya hapo hufuata uelekeo wa uga uliopo wakati huo, na hubaki nao hata uga wenyewe ukigeuka baadaye. Magma mpya inapopanda, mwamba wa awali hupasuka katikati, nusu ikaenda upande huu na nusu upande ule. Ndiyo maana milia, yaani mikanda ya basalti ambayo usumaku wake huelekea kaskazini na kusini kwa zamu, hufanana pande mbili za safu. Kila upande ukisogea sentimita 1 kwa mwaka, basalti yote iliyoganda tangu mgeuko wa mwisho ina upana wa kilomita 15.6, yaani kilomita 7.8 kila upande.

Fred Vine na Drummond Matthews wa Cambridge walichapisha maelezo hayo mwaka 1963, wakitegemea vipimo vya meli vilivyochukuliwa juu ya safu ya Carlsberg, katika Bahari ya Hindi hii yetu. Lawrence Morley wa Kanada alikuwa amefikia wazo lilelile, ila makala yake yalikataliwa na majarida mawili; kwa maoni yangu, anastahili kutajwa pamoja nao kila mara.

Mtu wa Ujiji ana haki ya kuuliza kuhusu ziwa lake, kwani nalo limo katika Bonde la Ufa, mahali ambapo bara linapasuka. Tofauti ni kwamba chini ya Tanganyika, penye kina cha mita 1,470, ganda ni lilelile la bara, lililonyooshwa, likakatika na kudidimia. Juu yake yamejaa mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, na ufa hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hakuna basalti mpya inayopanda mfululizo kutengeneza sakafu, kwa hiyo milia haina pa kujiandika. Bahari ya Shamu ilianza vivyo hivyo, kwa bara kupasuka, na leo milia inaonekana katikati ya sehemu yake ya kusini.