Nyanya zinaponyauka, si njaa ya mbolea

Nyanya zikianza kunyauka kwenye bustani za Kigamboni, jibu huwa lilelile: "Udongo umechoka, ongeza mbolea." Pasua kwanza shina karibu na mzizi. Ukikuta michirizi ya kahawia ndani, na majani yamekuwa ya njano upande mmoja, mshukiwa mkuu ni mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu wa udongoni, Fusarium oxysporum.

Wala si kila kuvu wa jina hilo ni mharibifu. Wengi huishi mizizini bila kudhuru. Tofauti iko kwenye jenomu, yaani jumla ya taarifa zao za urithi. Anayeshambulia nyanya ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) za ziada, zenye jeni za protini ndogo anazozimwaga ndani ya mmea ili kuvuruga kinga yake. Mwaka 2010 watafiti walionyesha jambo la kushtua kidogo: kromosomu hizo huweza kuhama, na kuvu asiye na madhara akizipokea huanza kuzitia nyanya ugonjwa.

Mbegu stahimilivu hufanya kazi kwa kuzitambua baadhi ya protini hizo. Kuvu akipoteza au kubadili jeni inayohusika, hupenya tena, hata kwenye shamba lililonona kwa samadi.