Je, wajua kwa nini bei ya dumu la mafuta huanzia Kuala Lumpur?

Mafuta ya kula mengi yanayouzwa kwa kupima Dar es Salaam na Mombasa ni ya mawese. Indonesia na Malaysia ndizo zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, na bei yake hupiganiwa kila siku ya kazi katika soko la Bursa Malaysia, jijini Kuala Lumpur, kwa ringiti, sarafu ya Malaysia, kwa mikataba ya tani 25 kila mmoja: ahadi ya kuuziana mawese siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo.

Mafuta haya yana ndugu. Soya au alizeti ikipanda, wanunuzi hukimbilia mawese, nayo hupanda. Mwaka 2022 vita vilifunga bandari za Ukraine, alizeti ikaadimika, na tani ya mawese ikapita ringiti 7,000. Indonesia ikazuia kuyauza nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23.

Sasa mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta afanyeje? Tuseme amenunua mafuta ghafi kwa ringiti 4,000 kwa tani. Shehena ikiwa bado baharini, bei inashuka hadi 3,500. Mshindani aliyechelewa kununua atauza rahisi, na mwenye kiwanda abaki na hasara. Ndiyo maana wakubwa, siku ileile wanaponunua shehena, huuza mikataba Kuala Lumpur kwa kiasi kilekile. Bei ikishuka, wanachopoteza kwenye mafuta hukirudisha kwenye mikataba. Ikipanda, faida ya mafuta humezwa na mikataba hiyohiyo. Kwa hiyo kinga hii haishushi bei ya dumu hata kidogo. Inampa mfanyabiashara usingizi tu.

Na usingizi huo una gharama. Bei ikipanda, soko humdai aongeze dhamana kwa fedha taslimu papo hapo, ilhali mafuta yake hayajafika wala kuuzwa. Tena mikataba ya ringiti haimkingi shilingi inapoporomoka mbele ya dola, na kwetu hilo nalo huuma.

Wadogo hawaingii huko. Hununua kidogo kidogo, wasikae na mzigo mwingi bei ikigeuka. Wenye mashine za kukamua Singida na Dodoma nao hujaza maghala wakati wa mavuno, alizeti ikiwa rahisi. Hapo hatari ni moja: mawese ya nje yakiingia kwa bei ya chini, ghala lililojaa ndilo linaloumia kwanza. Ndiyo sababu wakulima wa alizeti hupiga kelele kila ushuru wa mafuta ya nje unapopunguzwa.